Mgeni Bado Hajaondoka

Mlionisoma wiki jana mlinicheka. Najua. Mmoja wenu amemwandikia mhariri anauliza: "Hivi huyu dada ana akili timamu?" Ndugu yangu, maliza kwanza ya leo, ndipo uulize.

Kwa anayeufungua ukurasa huu kwa mara ya kwanza, mimi ni yule wa cherehani. Mwanamume aliyeniahidi ndoa aliniomba cherehani ya mama yangu mdogo, eti aiazime siku mbili. Nikaitoa kwa mlango wa uani, naye akayeyuka nayo. Mama mdogo aliporudi akapiga kelele za mwizi. Nami nikapiga. Akamshuku jirani wa ukuta wa pili, na huu ni mwaka wa tatu wanapishana uani kama hawaonani. Mimi nipo katikati, nawaamkia wote wawili kwa adabu.

Huyo mama mdogo ndiye aliyenilea. Ndiye aliyenitafutia kazi katika kiwanda cha magodoro, anakotunza stoo mwaka wa kumi na tisa sasa. Nilianza na ufagio. Kisha meneja akahitaji Afisa Usalama, tena kabla ya saa sita, kwa kuwa fomu fulani ilikuwa na nafasi ya jina la mtu huyo. Akatupanga mstari, akatusomesha bango la ukutani kwa sauti. Wenzangu wakakwama. Mimi sikukwama. Shule yangu ya msingi ikatosha.

Nikavikwa kizibao cha kijani. Ufagio nikabaki nao vilevile.

Sasa tuendelee.

Meneja tunamwita Bwana Ngao, kwa sababu ya ngao ya shaba aliyotunukiwa, imeandikwa KIWANDA SALAMA. Imetundikwa nyuma ya kiti chake. Huifuta vumbi kila asubuhi kwa leso yake mwenyewe, na mle kiwandani hakuna kitu kingine kinachofutwa vumbi kila asubuhi. Mapafu yetu hayakuwa na leso.

Kando ya mlango mkubwa kuna ubao: SIKU BILA AJALI. Kazi yangu ilikuwa kufuta tarakimu ya jana na kuongeza moja. Siku fundi wa kukata sponji alipopoteza vidole viwili, nilikwenda ofisini na chaki mkononi.

"Bosi, niandike sifuri?"

"Kimeumia nini?"

"Vidole, bosi."

"Vya kiwanda au vyake?"

"Vyake."

"Basi kiwanda hakijaumia. Ongeza moja."

Nikaongeza moja. Mnaosoma mkinionea huruma, acheni. Huruma hiyo mpelekeeni mwenye vidole.

Tulikuwa na king'ora pia. Kililetwa kwa ajili ya moto, lakini moto haukuwa unatutembelea. Aliyekuwa anatutembelea ni mkaguzi. Basi Bwana Ngao akakipa king'ora kazi. Mlinzi wa getini akiona gari la mkaguzi, ananipungia mkono. Mimi nabonyeza kitufe. King'ora kikilia, kila mtu anaacha alichoshika na kukimbilia kabati lililo mwisho wa bohari ya nyuma. Humo ndimo kofia ngumu, glovu na barakoa hukaa zikiwa mpya mwaka mzima. Unavaa, unarudi kwenye mashine yako, unasimama wima. Dakika tatu. Nyapara alitupima kwa saa.

Mimi napita katikati nikilia, "Moto! Moto!" na Bwana Ngao anamwambia mkaguzi, "Una bahati, umetukuta kwenye zoezi!"

Mwaka wa nne mkaguzi anatukuta kwenye zoezi, na hajawahi kushangaa.

Akishapita getini, nyapara anatangaza, "Mgeni ameondokaaa!" Hapo kofia zinavuliwa, na watu wazima wenye wajukuu wanapigana vikumbo kukimbilia uani, kwa kuwa uani kuna kreti za soda. Soda moja kwa kila mtu. Kwa soda hiyo tulikuwa tayari kuvaa hata sufuria kichwani.

Mwezi wa pili Bwana Ngao akataka zoezi lirekodiwe kwenye simu yake, awapelekee wakubwa. Akanisimamisha katikati.

"Sauti yako haina uchungu. Unaita moto kama muuza mboga. Sema: moto wa kweli, jamani, moto wa kweli! Fikiria mama yako mdogo yumo ndani."

Nikafikiria. Machozi yakanitoka yenyewe. Watu wakanipigia makofi, na jioni ile mama mdogo akacheka mpaka akakaa chini. "Mwanangu, kumbe una kipaji hivi, na mimi nakuhangaisha na ufagio!"

Sikieni sasa ya Jumanne.

Magodoro huanza kama uji. Kemikali zinachanganywa, zinamiminwa kwenye kalibu ndefu, nao uji unaumuka mpaka unakuwa bonge la sponji lenye ukubwa wa kitanda cha watu watatu. Tunayaita mikate. Kwa nje mkate unapoa upesi, lakini tumboni unabaki na joto kali siku nzima. Ndiyo maana bango lasema mikate iachane hatua mbili mbili, hewa ipite. Bango lilelile lililonipa cheo.

Jumanne hiyo asubuhi tulikuwa tumemimina mikate kumi na minane. Saa tatu Bwana Ngao akatoka ofisini akipiga makofi.

"Mgeni anakuja saa nne! Nataka sakafu ionekane. Hii mikate yote isukumeni bohari ya nyuma."

Mzee wa kuchanganya kemikali, mtu asiyependa maneno, akasema, "Bohari haitoshi, bosi. Labda tuibananishe."

"Ibananisheni."

"Ina moto tumboni, bosi."

"Itapoa huko huko."

"Ikibanana haipoi. Ikibanana inazidishiana."

Bwana Ngao akageuka akanitafuta kwa macho. "Mzee, wewe ndiye Afisa Usalama? Afisa si huyu hapa? Afisa, kuna tatizo lolote?"

Wote wakaniangalia. Mzee naye akaniangalia, akingoja. Bango lilikuwa nyuma yangu, na nalijua kwa moyo.

"Hakuna tatizo, bosi," nikasema.

Mikate ikasukumwa. Ikabanana kama watu kwenye foleni ya sukari.

Kisha Bwana Ngao akamfuata mama mdogo. Pembeni ya bohari, ukuta kwa ukuta, kuna chumba chenye mlango wa chuma unaofungukia nje kwenye ujia. Mlangoni pameandikwa HUDUMA YA KWANZA. Ndani hamna hata bandeji ya kufunga kidole. Mna mapipa ya kemikali, mengi kuliko yale tunayoruhusiwa kuweka, yamepangwa mpaka darini. Siku za ukaguzi mama mdogo hufungiwa humo, au niseme hujifungia, mnyororo na kufuli kwa ndani, ili nje paonekane hapana kufuli.

"Mkaguzi akivuta mlango, guna kidogo kama mgonjwa," Bwana Ngao akamwambia. "Usimfungulie mtu mpaka nikupigie simu mimi mwenyewe, niseme mgeni ameondoka. Mimi mwenyewe. Umenielewa, mama?"

"Nimeelewa, baba. Miaka yote hii nimekuangusha lini?"

Alimwita baba, na kwa umri angeweza kumzaa.

Jambo moja zaidi mlijue. Pua ya mama mdogo ilikufa zamani. Kemikali ziliila polepole, na sasa hata chungu kikiungua mbele yake hajui mpaka nimwambie. Pua yangu mimi ilikuwa bado mpya.

Saa nne gari likaja, king'ora kikalia, tukavaa, nikalia moto, mkaguzi akaambiwa ana bahati. Kisha akaingia ofisini kwa chai. Hapo ndipo ukaguzi hufanyika, kati ya kikombe cha kwanza na cha pili. Nilisimama pembeni nikishika daftari.

"Bohari ya nyuma ikoje?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Ipo," Bwana Ngao akasema.

"Vizuri." Akatia alama. "Mitungi ya kuzimia moto?"

"Ipo. Afisa anaisaini kila Jumatatu."

Ni kweli niliisaini kila Jumatatu. Na kila Jumatatu ilikuwa mitupu.

Ndipo nikasikia harufu. Kwanza kama sukari inayoungua, halafu kama nywele. Nikatoka taratibu, nikaenda mpaka bohari. Katikati ya ile mikate mmoja ulikuwa na baka la kahawia ubavuni, na baka lilikuwa linakua huku nikilitazama. Uzi mwembamba wa moshi ukapanda darini.

Nikarudi ofisini, nikamwinamia Bwana Ngao sikioni.

"Bosi, kuna mkate umeanza kuwa kahawia."

Akamtabasamia mkaguzi. "Afisa wetu huyu. Mchapakazi kweli." Kisha kwa sauti ya chini, meno yakiwa bado nje, "Subiri amalize chai."

"Bosi, unatoa moshi."

"Basi usiutazame."

Mkaguzi akachovya biskuti yake.

Nilitoka nikaenda moja kwa moja kwenye kitufe, nikakibonyeza kwa kiganja chote.

Hapa ndipo muanze kunicheka tena. King'ora kilipolia, watu sitini waliacha mashine zao na kukimbia. Wakakimbilia wapi? Bohari ya nyuma! Kwenye kabati! Kwa joto, walikuwa wameziiba dakika za chai kuvua kofia na kuzirudisha kabla mgeni hajaondoka, sasa wakadhani amekuja mgeni wa pili. Walinipita mlangoni mwa bohari kama maji, wengine wakinipiga na viwiko. Mimi nimetanua mikono, nalia, "Tokeni! Kuna moto humo!"

"Mwone Afisa, leo kaja na machozi yake!"

"Sema 'wa kweli', dada! Bila 'wa kweli' hainogi!"

Fundi wa vidole vinane akanyoosha kidole kimojawapo juu. "Na moshi mmenunua? Kweli safari hii bosi kafungua mkono!"

Wakacheka. Moshi ulikuwa umefika kwenye kofia zao, nao wanafunga mikanda ya videvu, wanajipanga, vifua mbele. Sijawahi kuona watu waliofunzwa vizuri namna ile. Na aliyewafunza ni mimi.

Nilipiga kelele mpaka koo likawasha. Hakuna aliyegeuka. Nikawatazama mmoja mmoja, watu wazima, wamesimama wima mbele ya moto wakingoja kukaguliwa, na dharau ikanijaa mdomoni kama mate. Ndipo akili ikanijia.

"Mgeni ameondokaaa!" nikaita, kwa sauti ya nyapara. "Soda uani!"

Mngewaona! Kofia zikaruka. Bibi wa kushona maganda ya magodoro, mwenye goti bovu, aliwapita vijana watatu. Hesabu ya sekunde ishirini bohari ikawa tupu. Moto ulishindwa kuwatoa, king'ora kikashindwa, soda ikawatoa.

Nyapara alikuwa wa kwanza kunikabili uani. "Kreti ziko wapi?"

"Geuka nyuma, mzee."

"Nakuuliza kreti ziko wapi! Unatuchezea?"

Akageuka. Dirisha la bohari likapasuka, na ulimi wa moto ukatoka ukalamba paa. Hakuna aliyeniuliza soda tena.

Nikawahesabu. Ni kazi ya Afisa, ingawa sikuwahi kuifanya. Wote walikuwepo kasoro mmoja.

Nikakimbilia ujia. Mlango wa HUDUMA YA KWANZA ulikuwa umefungwa, na ukuta wake ulishaanza kupata joto. Nikaupiga kwa ngumi.

Ndani mtu akaguna, kama mgonjwa.

"Mama mdogo, ni mimi! Fungua!"

Mguno ukakoma. Sauti ikaja chinichini kwenye tundu la mlango. "We mtoto, nenda zako. Utanikosanisha na bosi."

"Bohari inaungua! Mapipa hayo nyuma yako!"

"Sauti hiyo naijua. Nenda kaigize mbele ya mkaguzi, huku hayupo." Akakohoa. "Ngoja nimpigie bosi mwenyewe. Akisema nifungue, nafungua."

Mzee wa kuchanganya akafika na mtaimbo, akaanza kuupiga mlango. Chuma kwa chuma. Mlango haukujali.

"Nenda kamlete yeye!" akaniambia bila kugeuka. "Huyo mama anamsikia yeye tu!"

Bwana Ngao alikuwa ameshamtoa mkaguzi kwa mlango wa mbele. Nikawakuta getini, gari limewashwa, wanapeana mikono. Mbele pale moshi ulikuwa bado haujafika. Paa kubwa liliuficha.

"Zoezi la pili hilo," Bwana Ngao alikuwa anasema. "Hatupumziki."

"Bosi, mpigie mama mdogo afungue! Bohari inawaka, na yeye yumo chumbani na mapipa!"

Hata kope hakupepesa. "Chumba gani? Mapipa gani?"

"Kile cha huduma ya kwanza!"

Mkaguzi akafungua mkoba wake, akatoa fomu, taratibu, kama mtu anayetafuta miwani. "Hapa naona chumba hicho kina vitanda viwili na mlango wake haufungwi. Sahihi hii si yako?"

"Ni yangu. Ni uongo."

"Uongo wa lini?"

"Wa kila siku."

Bwana Ngao akacheka kwa huruma. "Msamehe. Binti ana kipaji cha kuigiza, sasa kimempanda kichwani."

Simu yake ikalia. Nikaona kwenye kioo: STOO. Akaizima mlio. Ikatetemeka tena mkononi mwake.

"Pokea," mkaguzi akasema. "Huenda ni dharura."

Sijui kwa nini alisema hivyo. Labda ndilo neno pekee la maana aliloliongea katika miaka minne.

Bwana Ngao akatupa mgongo, akaiweka simu sikioni. Neno moja tu lilihitajika. Fungua. Mtoto wa mwaka mmoja analiweza.

"Tulia hapohapo, mama," akasema, kwa sauti laini kabisa. "Mgeni bado hajaondoka."

Nilimwuma mkono. Msinitake niombe radhi. Nilimwuma mpaka meno yakakutana na saa yake. Simu ikadondoka, nikaidaka kabla ya lami.

"Mama mdogo, usikate! Ni moto wa kweli!"

Kisha kicheko chake kile, cha kuchoka. "Wa kweli kama ule wa mwezi wa pili?"

Kila neno nililokuwa nalo nilishaliigiza. Moto nililiigiza. Kweli nililiigiza. Hata kilio, na jina lake, nilivitumia mbele ya simu ya bosi nikapigiwa makofi. Nyuma yangu mkaguzi alikuwa anauliza, "Mgeni nani? Bwana, mgeni nani huyo?" Na juu ya paa kubwa moshi ukachomoza, mweusi, mnene.

Lilibaki jambo moja tu ambalo sikuwahi kumwigizia mtu.

"Mama mdogo," nikasema, taratibu. "Cherehani niliitoa mimi."

"Umesemaje?"

"Jirani hakuiba. Niliitoa kwa mlango wa uani, nikampa yule mwanamume. Miaka mitatu nakuangalia unamlaani mwenzako bure, na mimi nakula chakula chako. Kizibao unakijua, rangi ya kijani. Niko getini. Toka uje unipige."

Nilisikia pumzi yake. Haikuwa tena pumzi ya mtu anayecheka.

"We mtoto," akasema. Ile sauti nilikuwa sijawahi kuisikia. "Simama hapohapo ulipo."

Kisha mnyororo ukalia. Ufunguo ukagonga kufuli, ukakosa, ukagonga tena. Kikohozi. Kingine, kirefu. Simu ikakatika.

Na kutoka nyuma ya jengo kikaja kishindo kimoja kikubwa cha chuma, mpaka gari la mkaguzi likatikisika. Sikujua ni mlango uliofunguliwa kwa hasira, au ni paa.

Sikusogea. Aliniambia nisimame hapohapo.